Mteja Mpya na Mteja wa Siku Nyingi: Mjadala wa Nyakanazi

Swali la mjadala huu ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, ni insafu kwa kampuni ya simu kumpa mteja aliyesajili laini leo, au yule aliyeitelekeza laini yake kwa miezi kisha akabembelezwa arudi, dakika na MB tele kwa fedha ile ile ambayo mteja wa miaka kumi, ajiungaye wiki hata wiki bila kukosa, hupewa kidogo? Nimelisikia swali hili likibishaniwa Ngara mjini, Rulenge, Kabanga na Benaco, lakini mahali ambapo ubishi wake hunoga kuliko pengine pote ni Nyakanazi, wilayani Biharamulo, pale barabara itokayo Kigoma kwa njia ya Kibondo na Kakonko inapokutana na ile itokayo Kahama kuelekea Lusahunga na mpaka wa Rusumo. Kwa sababu pale msafiri hungoja, na mtu angojaye basi hana budi kuzungumza, na vijana wa kusajili laini wameketi chini ya miavuli yao ya rangi wakimwita kila apitaye.

Wasemaji wa mjadala huu ni watatu, na kwa kuwa hoja zao ni hoja za watu wengi wala si milki ya mtu mmoja, nimewaita kwa kazi zao: Mama, ambaye ni mfanyabiashara wa maharage; Wakala, kijana wa kusajili laini na kuuza vocha; na Mwalimu, mzee aliyestaafu kufundisha, ambaye umri haukumpunguzia hata chembe ya kiu yake ya kusoma. Mama ndiye mwenye dukuduku, basi yeye ndiye aanzaye.

MAMA: Mimi nanunua maharage Rulenge na Bugarama, nayashusha mpakani Rusumo, na mnunuzi wangu mkubwa yuko ng'ambo ya Mto Kagera. Kumpigia simu ya kawaida kuvuka mpaka ni gharama isiyobebeka kwa mtu wa magunia machache, kwa hiyo mapatano yetu yote, tangu bei hadi saa ya lori kufika, hupita WhatsApp. Wengine husema bando la intaneti ni la kutazamia picha. Kwangu mimi hilo bando ndiyo simu yenyewe, na likiisha nimekuwa bubu. Sasa nisikilizeni. Laini yangu hii nimejiunga nayo kila Jumatatu tangu kifungua mimba wangu hajaanza shule. Juzi nimeketi na shemeji yangu, mwenye laini ya mtandao huu huu, ambayo alikuwa ameitupa sandukuni tangu mavuno yaliyopita kwa kuwa alihamia mtandao mwingine. Tukaziweka simu zetu mbili juu ya gunia moja, tukafungua menyu kwa pamoja. Kwake ikatokea ofa yake maalumu: elfu moja, wiki nzima, na MB za kumtosha hata akiongea na dunia yote. Kwangu elfu moja ile ile ilikuwa ya siku chache, na MB zake ni za kuombea dua. Nikaenda kwa kijana mmoja wa laini nikamuuliza, mwanangu, kosa langu mimi ni lipi? Akacheka, akanijibu: mama, kosa lako ni kwamba huondoki.

WAKALA: Mama yangu, huyo mwenzangu alikujibu kwa utani, lakini alisema kweli, na kweli hiyo si mbaya kama inavyosikika. Shikamoo Mwalimu, naomba ruhusa yako niitetee kazi inayonilisha. Mtazame dereva wa lori aliyepeleka shehena Kigali, akawa anarudi Dar es Salaam na bodi tupu: akifika hapa Nyakanazi atapakia mzigo wako kwa nusu ya nauli, maana mafuta atayachoma hata akirudi mtupu. Mnara wa simu ni hivyo hivyo. Ukiisha kusimamishwa, jenereta lake na mlinzi wake hulipwa, watu wapige wasipige. Mteja aliyenyamaza akirudishwa kwa bei ndogo, hiyo bei ndogo ni faida, kwa kuwa bila hiyo kampuni ingepata sifuri. Na fauka ya hayo, lau si ofa za wageni, ushindani ungetoka wapi? Halotel ilipoingia nchini mwaka 2015 ilizikuta kampuni kubwa zimekwisha kuota mizizi. Nani angaliiacha laini anayojulikana nayo na ndugu na jamaa kama asingevutwa kwa kitu? Yule aliyevutwa alifaidi, na hata aliyebaki alifaidi, kwa sababu mtandao wake uliogopa kumpoteza. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

MWALIMU: Marahaba, kijana wangu; na wazee wale wale walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ilhali ninyi jembe mmempa mwenyeji, na mgeni mmemwacha mezani. Lakini tuache methali, maana kila upande una zake. Mfano wako wa lori nimeupenda, na kwa kuupenda nitaupima. Yule dereva arudiye mtupu, anapoitoa bei yake ya nusu, humpa nani? Humpa yeyote aliyesimama barabarani na mzigo. Hamuulizi Mama kama jana alipakia kwake ili akimwitikia ndiyo amtoze nauli kamili. Wala hamnong'onezi mmoja bei hii na mwingine bei ile huku magunia yao yakifanana. Nafasi tupu ni hoja ya kushusha bei kwa wote wa saa ile. Si hoja ya kumpandishia aliye mwaminifu. Kampuni yenu haimpimi Mama kwa nafasi iliyobaki mnarani, humpima kwa mazoea yake: imekwisha kujua kwamba Jumatatu atajiunga hata iweje.

Hapa nawakatiza, kwa sababu msomaji asiyekuwa na kumbukumbu ya mambo yalivyokuwa atadhani ofa hizi ni jambo la jana. Zamani za laini za kununuliwa kama karanga, kabla ya usajili wa kweli kweli, mwenye akili hakujiunga tena: alinunua laini mpya, akala ofa ya mgeni mpaka ikaisha, akaitupa laini chini ya kiti cha basi, akanunua nyingine. Mgeni alikuwa yeyote atakaye kuwa mgeni, na kwa hiyo upendeleo wake haukumwumiza mtu sana, isipokuwa yule aliyehitaji namba isiyobadilika. Mlango huo ulifungwa usajili ulipofanywa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, na kanuni za mwaka ule zikamtaka mtu awe na laini moja tu ya kila mtandao ila awe na sababu iliyokubaliwa. Ilikuwa hatua njema dhidi ya matapeli, wala siipingi. Lakini matokeo yake katika habari ya bei ni kwamba ugeni haukuwa tena kitu cha kujichagulia: kampuni ndiyo iamuayo nani mgeni, na ofa ya laini mpya ikaiachia nafasi yake ofa ya kumrudisha aliyenuna. Mama hawezi kuwa mgeni mpaka kwanza anyamaze, na akinyamaza maharage yake yanaoza.

WAKALA: Lakini Mwalimu, mlango mwingine ulifunguliwa kabla huo haujafungwa. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ile ile. Atume tu neno HAMA kwa ujumbe kwenda 15080 baada ya kufika kwa wakala wa mtandao anaoutaka, na mambo yamekwisha. Kama Mama anaona anadhulumiwa, ahame. Ule mtandao mwingine utampokea kwa zulia, na huu wa kwake utamlilia kwa ofa kabla hajageuka.

MAMA: Nihame niende wapi, mwanangu? Wewe unakaa njia panda, minara imekuzunguka pande zote. Kule kwetu milimani nikishuka bondeni ni mtandao mmoja tu ushikao, tena ushike kwa kusimama karibu na mgomba fulani. Nikifika Rusumo simu inanikaribisha Rwanda kabla sijavuka daraja, nisipokuwa mwangalifu salio limekwenda. Na namba yangu hiyo ndiyo benki yangu: wateja wananitumia fedha humo, vijana wa kupakia nawalipa humo, kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinaijua hiyo. Namba itahama, sawa. Lakini ile akiba na ule mkopo nilioupata kwa sababu ya kuaminika kwangu miaka yote, navyo vitahama?

Na jawabu la swali lake ni kwamba havihami. Sheria ya kuhama na namba huihamisha namba peke yake. Mfuko wa fedha wa mtandao wa zamani sharti utolewe kilichomo kwanza, na historia ya kukopeshwa huanza upya kwa mtandao mpya kana kwamba mtu kazaliwa leo. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilikuwa njia ya kutuma fedha nyumbani; leo, katika wilaya ambazo tawi la benki liko mwendo wa nauli, imekuwa ndiyo kamba imfungayo mtu na laini yake. Ni kweli kwamba fedha zavuka sasa kutoka mtandao huu hadi ule, jambo ambalo halikuwapo mwanzoni, na limepunguza kifungo kwa kiasi. Hata hivyo, mtu wa Dar es Salaam huhama kwa hasira ya saa moja. Mtu wa Ngara huhama kwa mashauri ya familia nzima. Kampuni hulijua hilo vizuri kuliko sisi.

WAKALA: Basi subira, Mama. Mwezi Mei 2023 Serikali, kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia saini mikataba ya minara 758 katika kata 713 za nchi hii, na mipakani nako kumo. Mtandao wa pili ukifika kwenye bonde lako, bei itashuka yenyewe.

MWALIMU: Itashuka kwa mgeni. Huo ndio ugomvi wetu, kijana, umezunguka ukarudi palepale. Ukifika mtandao wa pili, wa kwanza utampa ofa yule tu aonyeshaye dalili ya kuondoka, na Mama, asiyeonyesha dalili, atabaki kulipa. Na usiniambie kwamba ni gharama. Zamani mliniambia kupiga mtandao mwingine ni ghali kwa sababu kampuni hulipana. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikayapunguza malipo hayo baina ya mitandao mwaka hata mwaka, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Sababu ile imekwisha. Sasa mna sababu nyingine.

Haya yote yamepata kutokea mbali na kwetu, na Mwalimu, ambaye ana desturi ya kukata vipande vya magazeti, alikitoa kimoja. Nchini Uingereza, mwezi Septemba 2018, shirika la kutetea watumiaji liitwalo Citizens Advice lilipeleka mashitaka kwa mamlaka ya ushindani ya nchi ile, likidai kwamba wateja wa siku nyingi hulipishwa adhabu ya uaminifu wao katika biashara tano: simu za mkononi, intaneti ya nyumbani, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akaunti za akiba, na jumla ya adhabu hiyo ikakadiriwa kuwa pauni bilioni 4.1 kwa mwaka. Waliokuwa wakiumia zaidi ni wazee na watu wa hali ya chini, yaani wale wasioweza kuketi kila mwaka wakipekua bei. Dawa zilizotolewa zilikuwa mbili, nazo hazifanani. Katika bima ya nyumba na ya magari, tangu tarehe 1 Januari 2022, kampuni imekatazwa kumtoza mteja anayehuisha bima yake zaidi ya ambavyo ingemtoza mgeni. Lakini katika simu na intaneti hawakukataza. Mdhibiti wao, Ofcom, aliamuru tu, tangu Februari 2020, kwamba mkataba unapokaribia kwisha mteja aarifiwe, aonyeshwe atakacholipa akinyamaza, na aonyeshwe bei bora iliyopo, pamoja na zile za wageni.

WAKALA: Na walipokataza katika bima, Mwalimu, bei ya mgeni ilikwenda wapi? Ilipanda! Ofa tamu zilitoweka. Mtakuwa mmewafanya wote sawa kwa kumnyang'anya shemeji ya Mama, bila kumwongezea Mama mwenyewe hata MB moja.

Hoja hii ya Wakala ni nzito, na wengi wa upande wa Mwalimu huipita kwa haraka kana kwamba hawakuisikia. Kampuni ikiambiwa bei iwe moja, haina wajibu wa kuchagua iliyo ndogo. Itachagua ya katikati, na maskini aliyekuwa akirukaruka kwa ofa, ambaye aghalabu ni kijana asiye na kazi wa pale stendi ya Biharamulo, ndiye atakayeumia. Hata waliotunga katazo la Uingereza walikiri tangu mwanzo kwamba ofa za wageni zitapungua. Kwa hiyo mimi, katika nusu hii ya mjadala, nampa Wakala ushindi: bei mbili si dhuluma kwa sababu tu ni mbili.

Lakini dhuluma ipo, na nitasema iliko. Tarehe 2 Aprili 2021, siku ya Ijumaa Kuu, Watanzania waliamka wakakuta vifurushi vimebadilika, fedha zile zile zikinunua kidogo sana kuliko jana yake. Kelele zilipigwa nchi nzima kwa sauti moja, tangu Dar es Salaam hadi huku, mpaka Serikali, waziri wa mawasiliano akiwa Dk. Faustine Ndugulile ambaye sasa ni marehemu, ikavisimamisha vifurushi vipya mara moja. Kwa nini watu wale, wasio na chama wala mwenyekiti, walishinda? Kwa sababu bei ilikuwa moja, imeandikwa mbele ya wote, na kila mtu alipotazama simu ya jirani aliuona msiba wake mwenyewe. Ofa ya mtu mmoja mmoja haina Ijumaa Kuu. Kila menyu ni chumba chenye mlango wake; Mama hulipa kingi peke yake, shemeji yake hulipa kidogo peke yake, na lau wasingeketi pamoja kwa bahati, yule anayelipa kingi angeishi na kufa akidhani ndiyo bei ya nchi. Bei ya siri huwagawa wanunuzi wasiweze kulalamika kwa pamoja, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo faida yake kubwa kwa muuzaji, kuliko hata zile shilingi anazozipata.

MWALIMU: Hapo ndipo nilipokuwa naelekea, mwandishi umenitangulia. Sitaki katazo. Nataka Mama aone.

WAKALA: Akiona, ataniuliza mimi.

MWALIMU: Na wewe utamjibu nini?

WAKALA: Nitamwambia ukweli, Mwalimu: mimi menyu siiandiki. Mimi nalipwa kwa laini niliyoisajili na ikatumika. Kwa mteja aliyekaa miaka kumi silipwi kitu. Mkitaka nimjali aliyekaa, mwambieni tajiri wangu anilipe kwa aliyekaa.

Katika maneno yote yaliyosemwa pale, haya ya mwisho ya kijana huyu ndiyo niliyoyapenda zaidi, maana yameeleza kwa sentensi chache mfumo ambao wataalamu hueleza kwa vitabu. Kampuni humtuza amletaye mgeni, wala haimtuzi amtunzaye mwenyeji. Basi kila mkono katika biashara ile, tangu meneja hadi mwenye mwavuli, umeelekezwa mlangoni, wala hakuna mkono uliobaki kumshika aliye ndani.

MAMA: Mimi sikuomba kutuzwa. Nilitaka tu kujua. Basi langu hilo, kwaherini.

Hukumu yangu ni hii. Ofa ya mgeni iendelee, kwa kuwa bila hiyo mtandao mpya hautaingia kamwe katika mabonde ya Ngara. Lakini ofa yoyote itolewayo kwa laini mpya au kwa laini iliyonyamaza iandikwe katika menyu ya kila mteja, kando ya bei yake yeye ya kujiunga tena, na mteja wa siku nyingi akiitaka, ama apewe, ama ajibiwe kwa ujumbe kwa nini hakupewa. Wala asiseme mtu kwamba jambo hili haliwezekani kimitambo. Kanuni za vifurushi za mwaka 2021 zilizitaka kampuni zimwarifu mteja matumizi yake yanapofika asilimia 75, na tena yanapofika asilimia 100, na zimruhusu kumgawia mwingine kifurushi chake. Mtambo unaoweza kuhesabu robo ya bando la mtu iliyobaki hauwezi kushindwa kuonyesha bei ya pili. Gharama ya kuonyesha hivyo itakuwa ndogo, na anayeweza kuliamuru jambo hili ni TCRA yenyewe.

Nawe msomaji wa Ngara au wa Biharamulo, kabla hujajiunga tena, muulize jirani wa mtandao wako menyu yake inasemaje. Mkiikuta tofauti, muiandike, na malalamiko yaanzie kwa kampuni husika, kwa kuwa ndiyo taratibu. Kampuni isipojibu ipasavyo, yapelekwe TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.